Kushona bloku za viraka kwa mabaki ya vitambaa huku unamuuguza paka: mwongozo kamili

Paka wangu ana miaka 15 na figo zake zimechoka. Siku hizi siku yangu imekatwa vipande vipande, dawa asubuhi, maji ya dripu chini ya ngozi mara tatu kwa wiki, chakula kidogo kidogo mara tano sita kwa siku, kusafisha boksi lake la choo na kuangalia kakojoa kiasi gani, afu katikati ya hayo yote kuna zile dakika ishirini, nusu saa, ambazo huwezi kutoka wala huwezi kulala, na ukikaa bure unabaki unamtazama tu anavyopumua mpaka roho inakupaa. Hizo dakika ndo nimezijaza viraka.

Nilianza na mfuko mmoja wa mabaki na sasa nina bloku, yaani vipande vya mraba vilivyoungwa kwa viraka vidogo, za kutosha blanketi zima, na katika kujifunza nimegundua mwongozo mwingi wa kushona umeandikwa kwa mtu mwenye siku nzima mbele yake. Mtu anayeuguza hana hiyo siku. Kwa hiyo hapa kila kitu nimekipanga kwa kufuata nafasi anayokupa mgonjwa, yaani kazi unayoweza kuiacha katikati ya mshono ukaenda kumsafisha aliyetapika, ukarudi baada ya masaa mawili na ukajua ulipoishia.

Kabla ya mkasi, uzi kwanza

Hapa ntakaa kidogo maana ndo sehemu muhimu kuliko zote. Uzi na paka havikai pamoja. Ulimi wa paka una vimiba vidogo vigumu vinavyoelekea kooni, kwa hiyo akishaanza kulamba uzi ni shida kuutema, anaendelea kuumeza tu. Ukishaingia, upande mmoja unaweza kunasa, mara nyingi chini ya ulimi au kwenye tumbo, na upande mwingine unaendelea na safari ndani ya utumbo. Fundi yeyote anajua ukivuta uzi wa marinda kitambaa kinavyojikusanya, sasa utumbo nao unajikusanya hivyohivyo, na uzi ukikazwa unaweza kuukata. Hiyo ni operesheni, na kwa paka ambaye tayari mgonjwa operesheni ni hatari kubwa. Uzi wenye sindano ni mbaya zaidi.

Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au chini ya mkia wake USIVUTE. Hata kama unaonekana mfupi. Mzuie asiendelee kuulamba kama unaweza, mpeleke kwa daktari wa wanyama muda huohuo.

Mimi nina mtungi wa plastiki wenye mfuniko wa kuzungusha, umekaa mkono wa kulia wa cherehani, na kila ncha ya uzi ninayokata inaingia mle, sio mezani, sio begani, sio "ntaokota baadaye". Sindano za mkono ninazo tano tu, nazihesabu nikianza na nikimaliza. Pini nimeachana nazo kabisa, natumia vibanio vidogo, na kwa viraka vidogo hata vibanio havihitajiki, vidole vinatosha. Nikiinuka hata kwenda kufungua mlango, kiti kinasukumwa ndani, rili ya uzi inatoka kwenye cherehani inaingia boksini, mkasi unafungwa. Usiku napitisha sumaku chini ya meza. Mara moja niliacha rili juu ya cherehani nikaenda kupasha chakula, niliporudi nilikuta uzi umevutwa mpaka nusu ya chumba na paka amelala karibu na ncha yake, akiulamba. Hakumeza, nilikagua chini ya ulimi, nikampigia daktari, tukamwangalia siku tatu kama anakula na kama anapata choo. Zile siku tatu sitaki nizirudie.

Mahali pa kukaa

Mlete mgonjwa karibu na kazi, au kazi karibu na mgonjwa, usikae chumba kingine ukawa unachungulia kila dakika. Paka anayeumwa anatafuta joto na mahali pa kujificha, kwa hiyo mimi nimemwekea boksi la karatasi lililolazwa ubavu, ndani kuna taulo, mita moja toka kwenye kiti changu. Maji yako vyombo viwili sehemu mbili tofauti, boksi la choo lina ukingo wa chini maana miguu ya nyuma imelegea na kuruka anaona tabu.

Cherehani ina kelele na mtikisiko. Kunja blanketi kuukuu mara mbili uweke chini yake, ule mgurumo unapungua sana. Kama paka anashtuka kila ukikanyaga, basi cherehani iache kwa siku hizo na ushone kwa mkono, viraka vinakubali.

Pasi ndo ya kuogopa. Paka mwenye baridi ataifuata ile meza ya pasi kwa sababu ina joto, na waya ukining'inia anauvuta. Mi napiga pasi kwa mafungu, napanga viraka vyote vya siku kwenye sinia, naenda kupiga pasi jikoni mlango umefungwa, nazima, nangoja ipoe, ndo nafungua mlango.

Kuchambua mabaki

Mwaga mabaki yote, lakini mwage mchana ukiwa na muda, hii sio kazi ya katikati ya dawa. Tafuta pamba na pamba. Vitambaa vinavyovutika, nailoni inayoteleza, satini, weka pembeni, maana vikichanganywa na pamba bloku inapinda na ukifua kila kimoja kinasinyaa kivyake.

Fua kwanza. Sabuni isiyo na harufu na usitie kile kimiminika cha kulainisha nguo, kina kemikali zinazoweza kumuunguza paka mdomo akilamba kitambaa, na harufu yenyewe inamkata hamu ya kula. Kukata hamu ya kula kwa paka mwenye figo sio jambo dogo.

Afu gawanya mafungu mawili tu, yenye giza na yenye mwanga. Usijisumbue na rangi gani inaendana na ipi. Kinachofanya bloku ya mabaki ionekane imepangwa ni tofauti ya giza na mwanga, na ukitaka kujua kipande kiko wapi, kitazame umefinya macho, au kipige picha na simu uiweke isiyo na rangi. Utaona wekundu unaodhani unang'aa kumbe ni giza.

Kata miraba ya inchi 2 na nusu. Hii saizi naipenda sana kwa sababu mabaki mengi yanaitoa, hata mkono wa shati la zamani. Vipande virefu vyembamba vikate upana wa inchi 1 na nusu, hivyo ni vya bloku nyingine ntakayoeleza. Vilivyobaki, vidogo kabisa, pembe tatu, vijipande visivyo na jina, usitupe, tia kwenye mfuko wake. Kata kwa kufuata mkondo wa nyuzi za kitambaa, kilichokatwa mshazari kinavutika pembeni na mraba wako unageuka kitu kingine ukianza kukishona.

Kipimo cha mshono

Viraka vyote vinasimama au kuanguka kwa mshono wa robo inchi, yaani umbali toka ukingo wa kitambaa mpaka mstari wa uzi. Sio karibu na robo. Ukikosea kwa upana wa uzi mmoja kwenye mshono mmoja haionekani, lakini kwenye blanketi lenye mishono mia kadhaa bloku hazitafikiana hata ufanyeje.

Jaribu hivi. Kata vipande vitatu, kila kimoja upana inchi 1 na nusu, vishone pembeni kwa pembeni, piga pasi, pima. Jumla lazima iwe inchi 3 na nusu, na kile cha katikati kiwe inchi 1 kamili. Kikiwa chembamba mshono wako ni mnene, sogea. Kikiwa kipana, mshono mwembamba. Ukishapata, bandika utepe wa karatasi kwenye bamba la cherehani palepale ukingo wa kitambaa unapopita, usiuguse tena. Sindano namba 80, uzi wa pamba, urefu wa mshono milimita 2 mpaka 2 na nusu.

Bloku ya kwanza, viraka tisa

Hii ni ya kuanzia na ukiniuliza mimi ni ya kumalizia pia. Miraba tisa ya inchi 2 na nusu, mitano ya giza, minne ya mwanga. Ipange mezani: mstari wa kwanza giza mwanga giza, wa pili mwanga giza mwanga, wa tatu kama wa kwanza. Shona kila mstari peke yake. Piga pasi mishono ielekee upande wa giza, na kupiga pasi hapa ni kukandamiza na kuinua, sio kusugua huku na huku, kusugua kunavuta kitambaa. Ukifanya hivyo mishono ya mstari wa kwanza itaelekea nje na ya mstari wa pili itaelekea ndani, kwa hiyo ukiiweka uso kwa uso inashikana yenyewe kama meno, utaisikia kwa kidole, na kona zinakutana bila pini. Unganisha mistari mitatu, bloku inatoka inchi 6 na nusu, na ikishaungwa kwenye blanketi itaonekana inchi 6.

Sasa uzuri wake kwa mtu anayeuguza: kila mstari ni mahali pa kusimama. Nina trei ya kina kifupi, kila bloku iko juu ya karatasi yake na viraka vimepangwa kama vitakavyokaa, karatasi juu ya karatasi, na mfuniko juu. Mgonjwa akitapika naifunga naondoka. Nikirudi karatasi ya juu inaniambia nilipo. Na trei ifunikwe kweli, maana paka akiona karatasi yenye vitambaa anaona kitanda.

Kitu kingine kilichonisaidia sana, na hiki kinapunguza uzi sakafuni kuliko yote: usikate uzi kila ukimaliza mshono. Weka vijipande viwili vya mabaki karibu, ukimaliza mshono wako endelea kushona moja kwa moja kwenye kile kijipande, afu ndo ukate nyuma yake, kitu chako kinatoka na kijipande kinabaki chini ya mguu wa cherehani kikisubiri kingine. Pia shona jozi jozi mfululizo kama shanga kwenye kamba, kata baadaye zote pamoja juu ya mtungi. Zile ncha ndefu za mwanzo na mwisho wa kila mshono zinapotea, na vile vijipande navyo vikishajaa mishono unakuta umepata viraka vya bure.

Ya vipande virefu

Ukichoka miraba kuna hii ya kuzungushia, katikati mraba wa inchi 2 na nusu, afu unauzungushia vile vipande vya inchi 1 na nusu. Mzunguko wa kwanza urefu ni inchi 2 na nusu, 3 na nusu, 3 na nusu, 4 na nusu. Mzunguko wa pili 4 na nusu, 5 na nusu, 5 na nusu, 6 na nusu. Pande mbili zinazopakana weka mwanga, mbili nyingine giza. Na yenyewe inatoka inchi 6 na nusu, kwa hiyo inakaa bega kwa bega na ile ya viraka tisa. Kila kipande ni mshono mmoja. Kuna siku nimeshona kipande kimoja tu na siku ikaisha.

Ule mfuko wa vijipande visivyo na jina ni kwa ajili ya usiku, pale unapokesha na akili haitaki hesabu. Chukua viwili vyenye upande mmoja ulionyooka, shona, piga pasi, nyoosha upande, ongeza kingine, endelea mpaka kikue kuzidi inchi 6 na nusu, kikate mraba kwa rula. Hakuna kukosea hapo. Kama vinavutika, shonea juu ya karatasi nyembamba, punguza urefu wa mshono uwe milimita 1 na nusu, ukimaliza karatasi inachanika kirahisi kwenye vitundu.

Kazi ya mgonjwa ndani ya kazi

Nina daftari moja kwa vyote viwili. Kila asubuhi namweka kwenye mizani ya jikoni ndani ya beseni, naandika gramu, maana jicho linadanganya, manyoya yanaficha. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake. Naandika alichokula, alichokunywa, mkojo, choo, na pumzi akiwa amelala. Pumzi unahesabu ubavu unavyopanda kwa nusu dakika unazidisha mara mbili, akiwa usingizini ikizidi 30 kwa dakika na haishuki mpigie daktari. Hiyo ya pumzi unaihesabu vizuri ukiwa umekaa mita moja unashona kimyakimya, usipomgusa.

Chakula pasha kifikie joto la mwili, harufu inatoka, paka anakula kwa pua kwanza. Kiasi kidogo, kikikaa sana ondoa lete kingine, usimwekee rundo. Asipokula siku nzima piga simu, usisubiri kesho kutwa, paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini linaweza kujaa mafuta, hasa aliyekuwa mnene, na hapo una ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Kidonge ukishampa kifuatishe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa pembeni ya mdomo, taratibu, au kijiko cha chakula, kwa sababu vidonge vingine vikikwama kavu vinaunguza koo. Na dawa za maumivu za watu usiguse, paracetamol kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka.

Vitu vya kukufanya uache mshono katikati na kubeba paka mbio: anapumua mdomo wazi, fizi zimekuwa nyeupe au za bluu, miguu ya nyuma imekufa ghafla huku analia, au ni dume anaenda chooni tena na tena anajikamua na mkojo hautoki. Hilo la mwisho ni la masaa, sio la kesho. Boksi lake la kubebea likae wazi karibu na cherehani, na kitambaa ndani, namba ya daktari imeandikwa juu yake kwa kalamu nene.

Kuunganisha

Bloku 30, tano kwa sita, zinatoa blanketi la magoti la inchi 30 kwa 36. Bloku 9 zinatoa la inchi 18 kila upande, linamtosha yeye mwenyewe kwenye boksi lake. Nakushauri uanze na lake. Panga giza na mwanga vipokezane, unga kwa mistari kama ulivyounga viraka, mishono ya mstari mmoja ielekee kulia na wa pili kushoto ili ishikane. Katikati weka kipande cha blanketi kuukuu, chini kitambaa cha pamba, afu shona kupenya tabaka zote tatu kwa mistari iliyonyooka, isiachane zaidi ya inchi 3. Blanketi la paka lisiwe na vifungo, utepe, matamvua wala vifundo vya uzi vya kushikiza. Mwisho wa kila mshono rudi nyuma mara tatu, ncha ziingize ndani ya tabaka kwa sindano. Shona mawili, moja likiwa limefuliwa jingine linatumika, mgonjwa anachafua na sio kosa lake.

Usilifue hilo jipya kabla ya kumpa kama vitambaa vimeshafuliwa mwanzo. Lilaze kwanza siku moja pale anapolala alipozoea, lichukue harufu yake, afu ndo ulihamishie boksini. Wangu alilikataa la kwanza siku mbili mpaka nilipofanya hivyo.

Nyuma ya kila bloku, kwenye ule ukingo wa mshono utakaofichwa, naandika kwa penseli tarehe na uzito wake wa asubuhi ile. Ya mwezi uliopita, ya viraka tisa vya bluu, imeandikwa 3,110. Ya jana usiku, ile ya vijipande, imeandikwa 3,180, na sijaiunga bado kwa sababu ameilalia.